Sheria ya Umeme ya Mwaka 1931 na Warithi Wake

Watu wengi hudhani kwamba sheria hubadilika pale serikali inapobadilika. Bendera ya mkoloni ikishuka, husema, na sheria zake hushuka pamoja nayo. Tarehe ya umeme katika Tanzania Bara haikubaliani na dhana hiyo. Sheria iliyotungwa Tanganyika mwaka 1931, nchi ilipokuwa chini ya udhamini wa Uingereza, ilidumu hata mwaka 2008. Ilipita katika Uhuru wa 1961, ikapita katika Muungano wa 1964, ikapita katika Azimio la Arusha la 1967 lililotaka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma, ikapita tena katika siku za soko huria, wala haikufutwa. Ilirekebishwa hapa na pale, kama nguo ya zamani inayotiwa viraka, lakini mshono wake ulibaki ule ule. Mswada wa kuiondoa ulipofika Bungeni, sheria ilikuwa na umri wa miaka 77, na walioitunga walikuwa wamekwisha kuwa mavumbi.

Nia yangu katika insha hii ni kuifuata sheria hiyo tangu kuzaliwa hata kufutwa kwake, na kuwatazama warithi wake, ili lionekane jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa mswada wa umeme unapojadiliwa. Kila mara watu walishindana juu ya mwenye mtambo: awe tajiri wa kigeni, awe serikali, au wawe wote wawili kwa shirika. Mtu akaaye chini ya waya hakutajwa sana katika mashindano hayo. Na kwa kuwa hakutajwa, mtambo ulibadili mwenyewe mara kwa mara na yeye akabaki na kibatari chake.

Umeme uliingia Dar es Salaam mwaka 1908, katika utawala wa Wajerumani. Ulitumika katika karakana za reli na katika sehemu ya mji waliyokaa wakubwa wa serikali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliushika, na mwaka 1920 ukawekwa chini ya idara ya serikali. Basi umeme wa kwanza wa Tanganyika ulikuwa mali ya dola, jambo linaloweza kumshangaza msomaji aliyezoea kusikia kwamba ukoloni na kampuni ni watoto wa tumbo moja. Mwaka 1931 ndipo mambo yalipogeuka. Ulikuwa wakati wa dhiki ya biashara ulimwenguni. Bei za mazao zilianguka, na hazina za makoloni zilikuwa tupu. Serikali ikawakabidhi wenye mitaji kazi ya umeme. Kampuni moja, iliyojulikana kwa ufupi wa jina lake kama DARESCO, ilipewa Dar es Salaam na miji iliyofuata reli ya kati. Ya pili, TANESCO, ilipewa upande wa Tanga na maporomoko ya mto Pangani.

Yafaa tusimame kidogo hapa na kuuliza leseni ya umeme ni kitu gani, kwa kuwa ndiyo roho ya sheria nzima. Leseni ni ahadi iliyofungwa ndani ya ramani. Serikali humwambia mwenye kampuni: Katika eneo hili, kutoka mpaka huu hata mpaka ule, ni wewe tu utakayeuza umeme, nawe utauza kwa bei tuliyoridhiana, utasimamisha nguzo na kupitisha waya, na mtu aliye ndani ya eneo akitaka kuunganishwa na akiweza kulipa, utamwunganisha. Ndani ya ramani mna haki na wajibu. Nje ya ramani hamna kitu. Sheria haimkatazi mtu wa nje asipate umeme. Humnyamazia tu, na kunyamaziwa na sheria ni jambo zito kuliko kukatazwa, kwani aliyekatazwa ana la kudai.

Tena leseni haikuangalia idadi ya watu, iliangalia mnunuzi. Katika miaka ya 1930 maji ya Pangani yalianza kuzalisha umeme kwa ajili ya mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Umeme ulifika katika kiwanda cha shamba na katika nyumba ya meneja. Kambi ya manamba, ambao ndio waliokata mkonge huo, haikuwa mnunuzi. Hapakuwa na uovu wa pekee katika jambo hilo; kampuni ilifanya kile ambacho sheria iliiruhusu, wala haikudaiwa zaidi. Baraza la Kutunga Sheria lililokuwapo liliundwa mwaka 1926; wajumbe wake waliteuliwa na Gavana, na Mwafrika wa kwanza hakuketi ndani yake hata 1945. Nani basi angeuliza habari za manamba?

Hali ya jirani haikuwa mbali na hiyo. Nairobi na Mombasa zilianza kuwa na makampuni yao ya umeme mwaka 1908, na mwaka 1922 makampuni hayo yakaungana kuwa moja, East African Power and Lighting. Kampuni hiyo ilikuwa na hamu kubwa. Mwaka 1932 ilinunua sehemu kubwa ya hisa za TANESCO, na mwaka 1936 ikapata leseni katika Uganda. Kwa muda wa miaka kumi na kitu, basi, Afrika ya Mashariki ilikuwa imeungana kwa waya na hisa kabla haijaungana kwa jambo lingine lolote la maana. Umoja huo haukuacha alama katika lugha yetu: Mkenya husema stima, akikumbuka mashine za mvuke, na Mtanzania husema umeme, akikumbuka radi. Neno nishati, ambalo leo limo katika majina ya wizara na sheria, wazee walilijua kwa maana ya uchangamfu na nguvu za mwili. Kulivuta hata likabeba makaa, gesi, maji na jua ni kazi ya juzi tu.

Uganda ndiyo iliyotoka kwanza katika umoja huo, na namna ilivyotoka inafundisha zaidi kuliko yote. Baada ya Vita ya Pili serikali ya huko ilitaka kujenga viwanda kwa nguvu za maji ya Nile pale Jinja. Mhandisi Charles Westlake aliitwa kuchunguza, naye akashauri kiundwe chombo cha umma. Sheria ilitungwa mwaka 1947, na mwanzoni mwa 1948 Bodi ya Umeme ya Uganda ikaanza kazi na kuchukua mahali pa kampuni. Wala hili halikuwa jambo geni kwa watawala wa wakati huo, kwa sababu Uingereza yenyewe ilikuwa imetunga sheria mwaka 1947 ya kuufanya umeme wake kuwa mali ya taifa, na sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 1948. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Mwaka uliofuata ukafanywa mkataba wa kuiuzia Kenya sehemu ya umeme wake kwa muda wa miaka 50. Waya ulikwenda Nairobi. Vijiji vya Busoga, vilivyolisikia bwawa likivuma usiku, vilibaki gizani. Penye miti, wahenga walisema, hapana wajenzi.

Hapa twaona kwamba kule kuundwa kwa chombo cha umma hakukubadili ramani. Bodi ilirithi akili ya kampuni: iliuza palipokuwa na mnunuzi. Na Uganda ilipokuja kubadili sheria tena, mwaka 1999, ubishi ulikuwa ule ule wa mwenyewe. Bodi ilivunjwa mwaka 2001, ikagawanywa mafungu matatu, la kuzalisha, la kusafirisha na la kusambaza. Mwaka 2005 usambazaji ukakodishwa kwa kampuni ya Umeme kwa miaka 20. Miaka hiyo ilipokwisha, mwishoni mwa Machi 2025, serikali haikuongeza mkataba; kampuni ya umma ikachukua tena kazi tarehe 1 Aprili, huku pande mbili zikibishana juu ya kiasi cha fidia. Tangu 1948 hata 2025 duara limekamilika.

Tanganyika ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1964 serikali ilinunua hisa za makampuni yake, na East African Power and Lighting ikauza fungu lake kubwa katika TANESCO. Baadaye DARESCO na TANESCO zikawa kitu kimoja, na tangu 1968 jina la TANESCO ndilo lililobaki. Jambo la kutazamwa ni kwamba haya yote yalifanyika kwa kununua karatasi za hisa. Sheria ya umeme haikuhitaji kuguswa. Leseni zilikuwapo, na mwenye leseni alikuwapo. Ila tu mwenye mali nyuma yake alikuwa mwingine. Ni kama nyumba iliyouzwa pamoja na mpangaji wake: mpangaji huamka asubuhi, huona jina jipya katika hati ya kodi, na paa huvuja pale pale.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, cha Nyumba ya Mungu kikafuata, na Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, kikaanza mwaka 1975. Hizi zilikuwa kazi kubwa kwa nchi maskini, na anayezidharau hajui hesabu. Lakini nguzo za chuma zilizotoka Kidatu zilipita juu ya mashamba ya watu kwenda mijini na viwandani. Na ilikuwa ni miaka ile ile ambayo wananchi walihamishwa kwa mamilioni na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa. Nyumba zilikaribiana kuliko wakati wowote uliotangulia, na kwa fundi wa umeme nyumba zinazokaribiana ni nusu ya kazi. Shule zilijengwa, visima vilichimbwa, lakini waya haukufuata. Kwa maoni yangu, fedha peke yake haielezi jambo hilo. Hapakuwa na kifungu chochote katika sheria kilichomlazimisha mtu kulipia waya ambao hautarudisha faida. Na kazi isiyo na mwenye kulipa kwa sheria hungojea hisani, na hisani huchoka.

Mageuzi ya miaka ya 1990 yaliletwa na ukame. Mito ilipungua, mabwawa yakashuka, na miji ikaonja mgawo wa umeme. Sera ya mwaka 1992 ikafungua mlango kwa wazalishaji binafsi. Mkataba wa IPTL ulitiwa saini mwaka 1995, ukazaa kesi na mabishano yaliyoendelea miaka mingi. TANESCO iliwekwa katika orodha ya mashirika yatakayouzwa mwaka 1997. Mameneja wa kampuni ya Afrika ya Kusini wakaletwa mwaka 2002. Kisha shirika likaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2005. Mlango wa Bunge ulipita mkataba mmoja baada ya mwingine, na juu ya yote hayo sheria ya 1931 ilikuwa bado imekaa kitini, ingawa haikuota kamwe kwamba siku moja mtu mmoja atazalisha, mwingine atasafirisha, na wa tatu ataamua bei.

Mwaka 2006 ukame ulirudi, na serikali ikaingia mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, ambayo ilishindwa kuleta mitambo kwa wakati. Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Harrison Mwakyembe. Ripoti yake iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, akilalamika kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa. Mawaziri wawili wakajiuzulu pamoja naye. Katika mwaka huo huo, hasira zikiwa hazijapoa, ndipo Bunge lilipopitisha sheria mpya ya umeme. Iligawa leseni kwa aina ya kazi, ikampa mdhibiti, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, madaraka ambayo hapo kabla yalikuwa ya waziri, na ikaweka njia ya kulitenga shirika vipande vipande siku za mbele. Si sheria mbaya. Imo ndani yake ruhusa moja ndogo ambayo wachache waliiona: mtambo usiofika megawati 1 hauhitaji leseni. Kwa kifungu hicho misheni yenye maporomoko yake, au kijiji chenye kijito, vilitolewa katika kile kimya cha ramani.

Hata hivyo, mswada huo ulijadiliwa kama miswada yote iliyoutangulia: nani awe na mtambo, na je, shirika livunjwe? Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kulivunja hatua kwa hatua kufikia 2025. Mwaka 2025 ulipofika, TANESCO ilikuwa bado shirika moja, na katika mwaka huo mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikamilika chini yake. Wale walioogopa kuvunjwa na wale waliokungojea wote walikuwa wametumia wino mwingi.

Mimi nadhani mwaka mkubwa katika habari hizi ni 2005. Mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Nishati Vijijini, kwa mabishano machache, na magazeti hayakuipa nafasi kubwa. Sheria hiyo haikugusa hisa ya mtu. Iliunda bodi, wakala na mfuko, na ikaruhusu tozo isiyozidi asilimia 5 ya umeme unaozalishwa kwa biashara katika gridi ya Taifa iingie katika mfuko huo. Kwa maneno mengine, kwa mara ya kwanza tangu 1908, sheria ilimtaja mtu wa nje ya ramani na kumwonyesha mlipaji wake: mtu wa mjini, ambaye kila anunuapo umeme huacha senti chache kwa ajili ya jirani asiyemjua. Wakati huo, katika kila watu 100 wa vijijini, wenye umeme walikuwa yapata 2. Wakala ulianza kazi mwaka 2007. Ada ya kuunganishwa iliteremshwa hatua kwa hatua, mpaka mtu wa kijijini akalipa shilingi 27,000. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa.

Kenya nayo ilipitia njia ndefu. Katiba ya 2010 iliwapa wenyeji wa kaunti sehemu ya madaraka juu ya umeme, na sheria za zamani hazikuweza tena kukaa nayo nyumba moja. Mswada ulizunguka miaka mingi baina ya Bunge, Seneti na Ikulu, hata ukatiwa saini Machi 2019. Kilichouchelewesha mswada ndugu yake, ule wa mafuta, ni swali la fungu la jamii ya mahali mafuta yanapotoka: asilimia 10 au 5? Watu wa Turkana walipata 5. Ingawa walipunguziwa, waliandikwa.

Mtwara hawakuandikwa kwa namna hiyo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013, bomba la zaidi ya kilomita 500 la kuipeleka Dar es Salaam lilipokuwa likitayarishwa, wenyeji waliandamana, na ghasia za mwezi Mei ziliua watu. Kilio chao kilikuwa kile kile cha Busoga: kitu chapita kwetu, hakikai kwetu. Miaka miwili baadaye, Julai 2015, miswada mitatu ya mafuta, gesi na mapato yake iliingizwa Bungeni kwa hati ya dharura. Wabunge wa upinzani walitaka muda wa kuisoma. Ukumbi ukachafuka, baadhi yao wakasimamishwa, na miswada ikapita baada ya siku chache. Iliondoa sheria ya utafutaji mafuta iliyokuwapo tangu 1980. Sheria iliyongojea miaka 35 haikuweza kungojea miezi mitatu. Sisemi kwamba vifungu vyake vilikuwa vibaya, kwani mna mambo ndani yake yaliyohitajiwa sana. Nasema kwamba watu wa Kusini, ambao ndio waliohusika kwanza, hawakupata nafasi ya kuyajua kabla hayajawa sheria.

Na wangeyajuaje? Miswada hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Wabunge waliijadili kwa Kiswahili, wakitafsiri kifungu baada ya kifungu vichwani mwao. Sheria ya 2008 iliandikwa kwa Kiingereza vile vile, na ya 2005, na ya 1931. Ni hapo mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipoamua kwamba lugha ya sheria za Tanzania iwe Kiswahili, na kazi ya kutafsiri zile za zamani ikaanza. Wanafunzi wa lugha hawana budi kuitazama kazi hii kwa macho makali, maana tafsiri ya sheria si mchezo. Neno kama wajibu wa kuunganisha laweza kulegezwa na kitenzi kimoja: ataunganisha si anaweza kuunganisha, na baina ya vitenzi hivyo viwili yamo maisha ya nyumba nzima.

Neno kufikiwa nalo lina mizani yake. Kijiji husemwa kimefikiwa nguzo zikisimama penye ofisi, shule na zahanati. Kitongoji kilicho ng'ambo ya mto huenda hakina hata nguzo moja. Vitongoji vya Tanzania Bara ni zaidi ya 64,000. Baada ya hesabu ya vijiji kufungwa, Wakala ulianza kuhesabu hivyo, kwa fedha za mfuko ule ule wa 2005.